Faini ya korti nchini Kenya: yanayosemwa na watu, na sheria isemavyo

"Faini elfu kumi au miezi mitatu. Huna pesa? Basi ni jela."

Hukumu hiyo husikika kama hiari, ila hiari ni ya mwenye elfu kumi. Hata hivyo mambo hayaishii hapo.

Kifungo cha kukosa faini kina kikomo. Pale ambapo sheria ya kosa lenyewe haijasema vingine, kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka viwango: faini isiyozidi shilingi 500, kifungo kisipite siku 14; hadi 2,500, mwezi mmoja; hadi 15,000, miezi 3; hadi 50,000, miezi 6; ikizidi hapo, miezi 12. Viwango hivi ni vya kizamani. Shilingi 500 leo haijazi kikapu gengeni, lakini bado inaweza kumlaza mtu ndani wiki mbili.

Tena, kifungo hicho hukoma siku faini inapolipwa. Ikilipwa sehemu, siku hupungua kwa kiasi hicho hicho: mwenye miezi mitatu kwa elfu kumi, ndugu wakilipa 5,000, hubakiwa na nusu ya muda aliopewa. Kwa hiyo msikalie elfu sita mkingoja zitimie kumi. Kila siku mnayongoja, mtu wenu anaitumikia ndani.

Na kabla ya hukumu kuna kile watu wanachokiita kifungo cha nje. Sheria ya mwaka 1998 inaruhusu kazi ya kijamii bila malipo kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka 3, au ambalo hakimu anaona miaka 3 au pungufu inatosha. Afisa hukuchunguza kwanza na kuandikia korti ripoti. Kuomba njia hii si kujidhalilisha.

"Umaskini wako haumhusu hakimu."

Unamhusu. Pale sheria isipotaja kiwango cha juu, faini haina ukomo lakini haipaswi kupita kiasi. Mwongozo wa utoaji adhabu wa Idara ya Mahakama unataka uwezo wa mkosaji uangaliwe, ili faini isiwe njia ya mzunguko ya kumpeleka gerezani. Shida ni kwamba hakimu haoni mfukoni mwako. Ukiulizwa kama una la kusema kabla ya adhabu, "naomba msamaha" pekee haimsaidii. Mwambie unafanya kibarua gani, unapata ngapi kwa siku, nani wanakutegemea, unaweza kulipa ngapi na lini. Ukihitaji muda wa kulipa, uombe papo hapo.

"Ukithibitisha huna kitu, faini inafutwa."

La. Hakuna fomu ya kufuta faini kwenye dirisha la karani, na hakimu akishatoa hukumu hawezi kuifungua tena kwa huruma. Unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 14, au kuiomba ipitie upya uamuzi huo. Rais pia, chini ya Ibara ya 133 ya Katiba na kwa ushauri wa kamati, anaweza kusamehe adhabu yote au sehemu yake. Kwa kifungo cha mwezi mmoja, huenda ukatoka kabla jibu halijafika.

"Dhamana niliyoweka ndiyo faini."

Hapana. Dhamana ya pesa taslimu hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa alihudhuria. Aliyeiweka akikubali, korti inaweza kuombwa ikate faini humo.