Kufuata nyayo za aliyefanikiwa

Wengi huamini kwamba ukimsikiliza mjasiriamali au kiongozi wa jamii aliyefanikiwa, kisha ukafuata hatua zake moja baada ya nyingine, nawe utafika alipofika. Ni imani inayoeleweka, kwani simulizi hizo hutia moyo, na nyingi ni za kweli.

Ila wanaoalikwa kusimulia ni waliofanikiwa tu. Takwimu za serikali ya Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa takribani nusu ya biashara mpya hufungwa ndani ya miaka 5. Miongoni mwa waliofunga wamo walioamka alfajiri, waliojinyima, waliothubutu kuacha kazi. Bidii yao ilikuwa ya kweli pia. Tena msimulizi, bila nia mbaya, huweza kusahau mambo aliyoyazoea: nyumba asiyoilipia kodi, mwenzi mwenye mshahara, mkopo wa ndugu.

Ukisikia simulizi, uliza mtaji wa kwanza ulitoka wapi, na nani aliilisha familia kabla faida haijaanza kuonekana. Halafu, na hili naliona muhimu kuliko yote, mtafute aliyefunga biashara ya aina hiyohiyo. Kama naye alifuata hatua zilezile, kilichowatofautisha kitafutwe kwingine: mtaji, wakati au wateja.