Mafuta ya bangi: rangi inakuambia nini, na haikuambii nini?

Maswali haya hutoka kwa ndugu wa wagonjwa hapa Dodoma, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini. Mtu "anayejua dawa" ameleta kichupa nyumbani: kwa kifafa cha mtoto, kwa saratani ya bibi, au kwa kukosa usingizi tu. Kitu cha kwanza wanachokiangalia wote ni rangi.

Kwa nini mengine ni ya kijani karibu nyeusi, na mengine ya dhahabu?

Mengi huanzia kwenye jani lenyewe. Lina klorofili, ule ukijani wa mimea, pamoja na nta. Spiriti ikitumika kutoa viini vya mmea huvibeba pamoja na klorofili, ndiyo maana mafuta ya namna hiyo huwa ya kijani kilichokolea na machungu. Viwanda vinavyotumia hewa ya kaboni dioksidi kwa mgandamizo mkubwa hupata mafuta yenye klorofili kidogo.

Baada ya hapo ni moto, mwanga, hewa na muda. Mafuta yaliyounguzwa, au yaliyokaa dirishani kwenye jua letu hili, huwa ya kahawia. THC, kiini kinacholevya, hugeuka polepole kuwa CBN ambayo hailevyi kiasi hicho. CBD, kiini kisicholevya, ikikaa na hewa huweza hata kuleta rangi ya waridi au zambarau.

Kwa hiyo yenye rangi ya dhahabu ndiyo safi?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Chukua mafuta ya alizeti: yaliyokamuliwa kwenye mashine ya mtaani Kibaigwa huwa na rangi nzito kuliko ya kiwandani, kwa sababu kiwandani hupitishwa kwenye udongo maalumu unaonyonya rangi. Mafuta ya bangi nayo hung'arishwa hivyo hivyo, kwa udongo au mkaa maalumu. Rangi ikitoka, haina maana sumu za kuulia wadudu zimetoka nayo. Mmea huu pia hunyonya madini kama risasi na kadimiamu kutoka ardhini. Ukigeuza rundo la majani kuwa vijiko vichache vya mafuta, uchafu nao unaweza kurundikana humo.

Mwaka 2019 Marekani ilipata somo chungu. Wauzaji wa magendo walichanganya mafuta ya THC ya kuvuta kwa sigara za umeme na asetati ya vitamini E, kimiminika kizito cha manjano hafifu. Kwa macho hungetofautisha. Mapafu ya watu yaliharibika: hadi Februari 2020 waliolazwa au kufariki walikuwa 2,807, na vifo vilivyothibitishwa 68.

Na nyeusi ndiyo kali zaidi?

Hapana. Weusi unaweza kuwa klorofili tupu, au mafuta ya zamani.

Basi ubora hujulikanaje?

Kwa maabara: kiasi cha THC na CBD, mabaki ya kemikali, madini, ukungu. Kichupa cha mtaani hakijapita huko. Tena kulima, kuuza au kukutwa na bangi ni kosa kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, kwa hiyo hakuna muuzaji wa mtaani atakayekuonyesha cheti cha kweli. Akikuonyesha, jiulize kakitoa wapi.

Lakini ng'ambo si wanatibia kifafa?

Ndiyo, aina chache. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, CBD iliyosafishwa, kwa vifafa viwili vigumu vya utotoni: Dravet na Lennox-Gastaut. Kila mililita ina miligramu 100, ndani ya mafuta ya ufuta, na rangi yake ni kuanzia maji matupu hadi manjano. Hata hiyo huweza kusumbua ini, hasa ikitumiwa pamoja na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, na daktari hupima damu ya mgonjwa.

Mama mwenye mtoto wa kifafa, nakuomba usikatishe fenobabitoni au kabamazepini ghafla ili "kujaribu mafuta". Kukatisha ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma, nalo huua. Dawa ikionekana haisaidii, rudi kliniki, hospitali ya mkoa au Mirembe (hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma), dozi iangaliwe upya. Mara nyingi tatizo ni dozi au kuruka siku, wala si dawa yenyewe.

Mtoto ameyanywa kwa bahati mbaya. Nifanye nini?

Mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama anacheza. Yakimezwa, athari huweza kuchelewa saa moja, mbili au zaidi. Usimtapishe, usimpe maziwa. Akisinzia kupita kiasi, akiyumba au akipumua kwa shida, mlaze kwa ubavu mkiwa njiani. Beba kichupa, na useme ukweli: daktari anahitaji kujua amemeza nini, kiasi gani na saa ngapi.