Je, wajua kwa nini Mtwara inaweza kuangukia Ethiopia kwenye kompyuta?

Mara ya kwanza nilipotaka kuchora ramani ya maghala ya korosho ya Mtwara, nilikuwa na maghala kumi na moja kwenye daftari, yote nimeyapima mwenyewe kwa simu, jua la utosi. Nikaingiza namba kwenye jedwali, nikabonyeza, nikasubiri. Ramani ya Mtwara ikabaki tupu. Nikaipunguza mpaka Afrika nzima ikaenea kwenye kioo, ndipo nikayaona maghala yangu, yamejipanga vizuri kabisa, kule Ethiopia kwenye nchi ya Waafar.

Kosa lilikuwa kistari. Mtwara mjini ipo karibu na latitudo 10.27 kusini mwa ikweta na longitudo 40.18 mashariki. Kompyuta haina habari na neno "kusini". Kusini kwake ni alama ya kutoa, kwa hiyo nilipaswa kuandika -10.27. Ukikisahau kistari hicho, unavuka ikweta na kwenda kaskazini umbali uleule. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, basi piga hesabu: korosho zangu zilisafiri zaidi ya kilomita 2,200.

Mwenzangu alikikumbuka kistari, ila akabadilisha safu, latitudo ikakaa kwa longitudo. Maghala yake yakazama Atlantiki, magharibi mwa Ureno. Na ukiacha nafasi wazi, baadhi ya programu huisoma kama sifuri na sifuri, na hapo unaishia Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana.

Vituko hivi vinatokea kwa sababu mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao wengi huuita GIS, hautunzi ramani kama picha ya ukutani. Unatunza majira ya nukta, yaani namba za latitudo na longitudo, na kila nukta imefungwa kwenye jedwali la sifa. Ghala linakuwa nukta moja, na mbele yake jina la kijiji, ujazo, bati limevuja au halijavuja. Barabara ya kwenda Newala ni mstari, yaani nukta nyingi zilizounganishwa. Shamba la mikorosho ni poligoni: mstari uliorudi ulikoanzia ukafunga eneo. Picha za setilaiti ni jambo jingine, zenyewe ni miraba midogo midogo, kila mmoja na namba yake.

Kila kundi linakaa kwenye tabaka lake, maghala huku, barabara kule, na matabaka yanalazwa moja juu ya jingine. Utamu uko hapo. Unaweza kuiuliza kompyuta: nionyeshe maghala yote yaliyo zaidi ya kilomita 5 kutoka barabara ya lami. Karatasi haijibu swali hilo mpaka ukae na rula nusu siku.

Halafu kuna kosa la kimyakimya, ambalo mimi naliogopa kuliko la Ethiopia. Dunia si mpira uliokamilika, kwa hiyo wapima ardhi huchagua umbo la kuiwakilisha na mahali pa kuanzia kuhesabu. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. Simu yako inapima kwa WGS 84. Chukua majira ya kisima kutoka ramani ya zamani, yaweke kwenye ramani ya leo bila kuyabadilisha, na kisima kitahama mita mia kadhaa. Hakuna aliyekosea kupima. Ila kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida ya miaka, fundi aliyetumwa kukifufua kisima hicho atazunguka mikoroshoni mpaka machweo.

Desimali nazo zina maana yake. Ukiishia -10.27 unaweza kuwa umekosea nusu kilomita; tarakimu tano baada ya nukta zinakufikisha kwenye mita moja hivi, ingawa simu ya kawaida yenyewe hukosea mita kadhaa.

Siku hizi, kabla sijaingiza orodha yoyote, naweka kwanza nukta moja ninayoijua kwa miguu: soko la samaki la Feri. Ikitua pale penye harufu ya dagaa, naendelea. Ikitua kwingine, naanza kutafuta kistari.