Kwa nini herufi za bembea za Waingereza huonekana zimetoka ubaoni?

Ukitazama picha za Nottingham Goose Fair au Hull Fair, maonyesho makubwa ya bembea (mitambo ya burudani inayozungusha watu) nchini Uingereza, macho hutua kwenye maandishi kabla ya mitambo. Jina la mwenye bembea limeandikwa kwa nyekundu na dhahabu, limevimba, utadhani ukipitisha kiganja utashika kingo zake. Ubao wenyewe ni bapa kabisa. Fundi amekudanganya kwa brashi, na alilipwa ili akudanganye.

Chanzo ni biashara. Wenye bembea ni wahamaji: wanafungua mitambo, wanaipakia, wanaisimamisha mji mwingine kwa siku chache, kisha safari tena. Uwanjani wamebanana, na bembea ya jirani inazunguka vilevile kama yako. Mteja mwenye hela kidogo mfukoni ataenda panapong'aa.

Zamani mng'ao huo ulichongwa. Mwishoni mwa karne ya 19, Frederick Savage wa King's Lynn alipokuwa akiunda bembea zinazoendeshwa kwa mvuke, mapambo yalikuwa ya mbao zilizochongwa hasa: majani yaliyojikunja, nyuso, shingo za farasi zenye manyoya yanayopepea. Kuchonga ni ghali, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kazi hiyo ikapungua. Miaka ya 1930, kampuni ya Orton & Spooner ya Burton upon Trent ilikuwa ikiunda bembea zenye mbao bapa, pana, na wachoraji kama Sid Howell wakapewa kazi ya kuzijaza. Kile ambacho patasi ilikuwa ikikifanya, sasa rangi ikakifanya kwa bei nafuu zaidi.

Herufi inayosimama hujengwa kwa hatua. Kwanza inachorwa kwenye karatasi na mistari yake kutobolewa vitundu. Karatasi inabandikwa ubaoni, kimfuko cha unga wa chaki kinagongwagongwa juu yake, na ikitolewa zinabaki nukta za kufuata. Mkono wenye brashi hauelei hewani: unaegemea fimbo ambayo ncha yake imefungwa ngozi laini isije ikakwaruza rangi mbichi. Brashi ina nywele ndefu, kwa sababu nywele ndefu hubeba rangi ya kutosha kumaliza mstari kwa mvuto mmoja. Kuchovya katikati ya mstari huacha alama, na alama haijifichi.

Herufi ikikauka inaongezewa unene wa kubuni ubavuni na chini, kwa rangi mbili za jamii moja: ubavuni rangi nyepesi, chini rangi nzito. Halafu kivuli, na mwisho mistari myembamba ya nyeupe pale ambapo mwanga ungegonga. Mafundi wengi huweka unene na kivuli upande wa kushoto. Angalia B, D, P na R: zote zina mgongo ulionyooka kushoto na tumbo kulia. Ukitia kivuli kushoto unavuta mstari mmoja mnyoofu. Ukikitia kulia utazunguka matumbo yote. Ni ujanja wa mtu anayelipwa kwa kazi, si kwa saa. Wachora mabango wa kwetu, wanaoandika kuta za maduka na mabodi ya malori, nao wanajua kivuli kinavyoifanya herufi isimame.

Ila kivuli pekee hakitoshi usiku, na usiku ndio wakati wa bembea. Hapo mafundi walitumia mbinu ninayoiona ya werevu kuliko zote. Ubao unapakwa kwanza tabaka la fedha au alumini, halafu juu yake rangi angavu, ile inayopitisha mwanga. Rangi ya kawaida hurudisha mwanga kutoka juu yake. Hii huuacha upenye, ugonge chuma, utoke tena ukiwa umekolea wekundu au ukijani, mithili ya karatasi ya peremende. Taa zikiwaka na bembea ikizunguka, kila ubao unawaka na kufifia. Fred Fowle wa London, aliyeishi kati ya 1914 na 1983, ndiye aliyeifikisha mbali mbinu hii, akiichanganya na herufi nene zenye vishindo. Alumini ilipendwa kwa sababu fedha halisi ikipata hewa inaweza kuwa nyeusi.

Dhahabu haina tatizo hilo. Karatasi yake imefuliwa hadi pumzi tu inaweza kuikunja, hivyo fundi wa nje hutumia ile iliyobandikwa kwenye karatasi ya kawaida, upepo usije ukamwibia. Hupaka gundi ya mafuta na kungoja. Huijaribu kwa kifundo cha kidole: gundi ikilia kidogo bila kuacha unyevu, ndipo dhahabu inalazwa. Akiwahi, dhahabu inazama na kupoteza mng'ao, akichelewa, haishiki. Bei yake inatisha, lakini haipati kutu, na ubao unaofunguliwa na kufungwa kila wiki, mvua na jua, unahitaji kitu kinachovumilia.

Miaka ya 1980 mashine za kompyuta za kukata stika zilianza kuwanyang'anya waandishi wa mabango kazi. Bado wapo: Joby Carter, wa familia iliyokuwa ikiendesha Carters Steam Fair, anafundisha uandishi huu.

Jambo moja la mwisho, kuhusu farasi. Bembea ya farasi ya Kiingereza huzunguka kufuata mshale wa saa, hivyo upande wa kushoto wa farasi ndio unaotazama watu, na farasi hupandwa kutoka kushoto. Za Marekani huzunguka kinyume. Fundi hapotezi dhahabu upande usioonekana, kwa hiyo ukikuta farasi mkongwe wa bembea kwenye makumbusho, angalia ubavu upi una mapambo mengi zaidi: ukiwa wa kushoto, huenda ni wa Uingereza, ukiwa wa kulia, yaelekea ametoka Marekani.