Jeli Ikilegea, Usikimbilie Kiunganishi

Juzi nilipigiwa simu tena kutoka kisima cha mafuta, magharibi mwa Texas, wanakopasua mwamba kwa jeli nzito inayobeba mchanga wa kushikilia nyufa wazi: "Jeli imelegea, tumeongeza kiunganishi mara mbili na bado." Itaendelea kuwa bado.

Kuamini kwamba kiunganishi, kemikali inayofunga nyuzi za jeli pamoja, kikizidi ndipo jeli inakaza kunanichosha kuliko dhana zote. Nyuzi za guari, unga wa mbegu unaotengeneza jeli hii, zina sehemu chache za kushikwa. Ukipitisha kipimo, borati, kiunganishi cha boroni, inazibana mno, jeli inajikunja na kutema maji. Kwenye bika, glasi ya maabara, utaona donge katikati na maji pembeni, kama mtindi uliokaa siku nyingi. Mchanga ukiingia kwenye maji hayo unazama tu.

Kwa borati, cha kuangalia kwanza ni pH. Asidi ya boriki haishiki guari. Inayoshika ni ioni ya borati, nayo huwa nyingi pH ikipita 9. Huko chini joto linaishusha pH, kwa hiyo anza na pH ya juu kidogo iwe akiba. Kisha pima maji. Maji yaliyotoka kisimani yakarudiwa kutumika mara nyingi huja na boroni yake, inayoanza kuunganisha kabla hujafungua pampu ya kiunganishi, na bikaboneti inayokula alkali yako. Hawa wa juzi jeli yao ilisoma pH 8.4. Tukapandisha kwa soda kaustiki hadi 10, kiunganishi tukakirudisha kwenye kipimo cha awali. Nilipoinamisha bika, jeli ilining'inia ukingoni kama ulimi, nilipoisimamisha ikarudi ndani yote.

Wengine wanataka jeli ikaze ikitoka tu kwenye blenda, mashine ya kuchanganyia. Ya nini? Msuguano utamaliza nguvu ya pampu ndani ya bomba. Ikaze ikikaribia matundu ya bomba yanayoingia kwenye mwamba. Ndiyo maana tunachelewesha kwa madini ya borati yanayoyeyuka polepole, kama uleksaiti.

Zirkoni, kiunganishi kingine, nayo si bora kila mahali. Inavumilia joto kali, ni kweli, ila kiungo chake kikikatika kwa msukosuko wa bomba hakijiungi tena, cha borati hujiunga. Kisima cha nyuzi 110 hakiihitaji.

Na kivunja jeli, kemikali ya kuiyeyusha jeli kazi ikiisha, msikipunguze ovyo. Guari isiyovunjika inabaki ndani ya ufa, inaziba mchanga uleule mliolipia.

Mkinipigia tena, nitumieni kwanza lita mbili za maji kutoka tanki mnalopampu, siyo ya bomba la ofisini.