Mwanafunzi anayeandika asichokipima

Nafundisha udaktari katika wadi za hospitali, upande wa magonjwa ya ndani. Wanafunzi wanapofika kwangu maadili wameshayasoma darasani. Wanaijua ridhaa, wanaijua siri ya mgonjwa, na Azimio la Geneva la mwaka 1948, yaani kiapo cha madaktari, wanaweza kukutajia kipengele kwa kipengele. Hayo siwaulizi. Nasubiri mzunguko wa asubuhi, tufike kitandani kwa mgonjwa, nimgeukie mmoja wao: "Bandama umeipapasa?"

Jibu la swali hilo hunieleza mengi kuliko mtihani wowote wa maadili.

Chukua jambo ambalo mkufunzi yeyote wa wadini amelikuta. Faili limejazwa vizuri: kifua safi, tumbo laini, ini na bandama havipapasiki. Ukimuuliza mgonjwa mwenyewe, anasema tangu jana hakuna aliyemgusa tumbo. Unafungua ukurasa wa nyuma, unakuta maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, na tarehe ya jana. Yamenakiliwa. Wapo wanaouona huo kuwa uvivu mdogo wa mtu aliyechelewa. Kwangu mimi ni uongo, tena uongo wenye madhara.

Daktari wa zamu ya usiku hamjui mgonjwa huyu. Anajua kilichoandikwa tu. Saa nane usiku homa inapanda, anakuja, anapapasa, anakuta bandama imeteremka vidole vitatu chini ya mbavu. Asubuhi imeandikwa haipapasiki. Anaamini basi kwamba imevimba ndani ya saa chache, anaanza kusaka ugonjwa wa ghafla, anaagiza vipimo visivyohitajika, huku ugonjwa wa muda mrefu uliokuwapo tangu siku ya kwanza ukiendelea kumla mgonjwa. Hapo hakuna aliyekosea dozi wala aliyesoma kipimo vibaya. Kuna mtu mmoja aliyeandika asichokipima. Angeliacha pengo kwenye faili, mwenzake angejua kwamba tumbo bado halijaangaliwa.

Kwa nini kijana mwenye akili na nia njema afanye hivyo? Mara nyingi ametufuata sisi. Mwaka 1994 watafiti Frederic Hafferty na Ronald Franks waliandika kuhusu mtaala uliofichika wa vyuo vya udaktari: yale ambayo mwanafunzi hujifunza kwa kutazama wakubwa wake, hata kama yanapingana na yale anayohubiriwa darasani. Daktari bingwa anapomfokea mbele ya wenzake yule aliyesema "sijapima", wote waliosimama pale wamejifunza somo. Kesho hakuna atakayesema sijapima. Kila mmoja atakuwa amepima.

Kwa hiyo anayeniambia hajapima namshukuru, kisha tunapima pamoja palepale. Anayesema amepima ilhali hakupima namwita pembeni siku hiyohiyo, na akirudia naandika ripoti. Najua baadhi ya wenzangu huona huo ni ukali uliopitiliza kwa mtu ambaye bado anajifunza. Sikubaliani nao. Mwaka 2005 Maxine Papadakis na wenzake nchini Marekani waliwalinganisha madaktari 235 walioadhibiwa na mabaraza ya udaktari na wengine 469 ambao hawakuadhibiwa, wakarudi kupekua kumbukumbu zao za chuoni. Mwenendo usiofaa chuoni uliendana na uwezekano wa adhabu mara tatu zaidi baadaye, na kilichojitokeza kwa nguvu kuliko vyote ni kutowajibika. Alama duni nazo zilihusika, ila kwa kiasi kidogo. Utafiti huo haumhukumu mtu: hata kati ya wasioadhibiwa walikuwamo wenye doa la chuoni. Ndiyo maana nataka kuliona tatizo mapema, wakati bado linarekebishika.

Uchovu nao una sehemu yake, sikatai. Azimio la Geneva liliporekebishwa mwaka 2017, daktari alianza kuahidi kuitunza hata afya yake mwenyewe, na hilo lilistahili kuingia zamani. Lakini uchovu unaeleza kwa nini tumbo halikupimwa. Hauelezi kwa nini liliandikwa kuwa limepimwa.

Jambo la pili ninalolikazia linatokea pale ambapo mgonjwa hawezi kabisa kusema. Kwa miaka mingi, katika nchi mbalimbali, wanafunzi walijifunzia uchunguzi wa ukeni kwa wanawake waliolazwa nusukaputi kwa ajili ya upasuaji, bila wanawake hao kuombwa ruhusa wala kuambiwa baadaye. California ilipitisha sheria ya kukataza jambo hilo mwaka 2003. Serikali kuu ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuzitaka hospitali zipate ridhaa ya wazi Aprili 2024, miaka ishirini na zaidi baadaye. Waliotetea desturi hiyo walisema mwanafunzi lazima ajifunze na mgonjwa hadhuriki. Hoja hiyo naikataa yote. Mwili wa aliyelala ni wake vilevile, na mwanafunzi anayezoeshwa kushika bila kuomba amefundishwa kwamba ruhusa ni ya walio macho tu.

Kuomba hakuchukui hata dakika mbili. Nawataka wanafunzi wangu waseme kabla ya sindano ya usingizi, bila daktari bingwa kusimama juu ya kitanda kama mlinzi: "Mimi ni mwanafunzi. Naomba kukuchunguza ukiwa umelala, ili nijifunze. Uchunguzi huu hauna faida kwa matibabu yako, na ukikataa hutahudumiwa tofauti." Sentensi ya mwisho ndiyo wanayopenda kuiruka. Akikataa, mwanafunzi anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakuridhia, nami naweka saini chini yake, na siku hiyo mwanafunzi anatazama upasuaji bila kugusa.