Maputo ya Loon: watu wanavyodhani na ilivyokuwa

Bado nasikia watu wakisema Loon, ile project ya Google ya maputo ya intaneti, ilikuwa kazi ya maprofesa waliojifungia na kompyuta wakipiga hesabu basi. Hapana jamani. Puto lilikuwa la plastiki nyembamba, ukubwa kama uwanja wa tenisi, na katundu kadogo tu ambako hata jicho halikaoni kanatosha kulishusha mapema, sasa mwanzoni yakawa yanavuja, wakachunguza wee mpaka wakafika kwenye soksi. Soksi kabisa, maana waliokuwa wakiyatengeneza walikuwa wanaikanyaga ile plastiki, na ikaonekana waliovaa soksi nene laini hawaiharibu sana. Mtu anataka kuleta netiweki kutoka kilomita 20 angani na anaanza kwa kuangalia miguu ya wenzake, mi naiheshimu sana kazi ya hivyo.

Wengine wanadhani yalikuwa na injini, ama yalifungwa kamba mahali juu ya Iten huko Kenya. Hayakuwa nayo injini ya kuyasukuma. Huko juu kila tabaka lina upepo wake na njia yake, kwa hiyo puto linaingiza hewa linakuwa zito linashuka, likiitoa linapanda, linatafuta upepo unaoenda linakotakiwa, vile wewe unangoja stejini mpaka matatu ya kwenu ipite. Yalikuwa yakirushwa Nevada kule Marekani na Puerto Rico, na yalifika Kenya hivyo hivyo!

Lakini inayoniuma ni hii ya "ilifeli, maputo hayakufanya kazi." Yalifanya. Julai 2020 Telkom Kenya waliwasha huduma, maputo kama 35, Eldoret, Baringo, Kisumu, Narok huko kote, na kuna puto moja liliwahi kukaa angani siku 312. Alphabet, kampuni mama ya Google, walipotangaza Januari 2021 kwamba wanafunga walisema ni gharama, hawakupata njia ya kuishusha mpaka biashara ijisimamie. Na wale wanaosema kampuni kubwa haiishiwi hela waangalie hapo, miaka 9 kitu kinaruka vizuri na hesabu bado inakataa.

Wala kazi yao haikupotea. Mitambo ya mwanga iliyokuwa inaunganisha puto na puto ndiyo ilizaa Taara, project ya kurusha intaneti kwa mwanga, na kufikia 2021 ilikuwa inavusha intaneti Mto Congo kwa mwali wa mwanga tu, Brazzaville hadi Kinshasa, karibu kilomita 5, pale ambapo kebo ilikuwa inazunguka zaidi ya kilomita 400.